Shija wa Kuzaliwa au wa Kurithi

Kazi yangu ni kudarizi majina ya watoto wa watu. Nina kibanda mtaa wa Kanyenye, mbele ya nyumba ninayoishi na mama, na shule zikikaribia kufunguliwa wazazi hujaa barazani na sweta mpya mikononi, kila mmoja akitaka jina la mwanawe litangulie. Ungedhani jina la mtoto si jambo la mzazi kukaa akalifikiria. Wapi. Mama mzazi, aliyebeba mimba na kunyonyesha, namuuliza niandike nani, anasema, "Andika Mchina." Mchina ndilo la shuleni? "Hapana, la shuleni... ngoja nimpigie baba yake." Simu inaita, baba hapokei, na mimi nimekaa na sindano mkononi nikijiuliza kama huyo mtoto ni wake kweli.

Mimi ni mtu wa kushuku, sijifichi. Mteja akinisifia kazi kabla hajaiona, nauweka mkasi mahali ninapouona. Marehemu baba, aliyekuwa fundi seremala, alikuwa akinitania kwamba hata maji ya kunywa nayauliza yametoka wapi. Na watu wenye majina mawili nawashuku kuliko wote, ingawa mwenyewe ninayo mawili.

Lipo la cheti, alilonichagulia baba, jina zuri la Kiislamu ambalo hapa nitaliacha lipumzike. Halafu lipo Shija. Hilo nililitoa Sikonge, kijijini kwao mama, ambako bibi mzaa mama na watu wake wote walinijua kwa jina hilo tu, likanifuata mjini na mtaani likashinda lile la cheti. Benki na kwenye makaratasi ni la baba. Kwingine kote ni Shija, hata wateja wangu wengi hawajui kama ninalo jingine.

Kwa asiyejua, huku kwetu Unyamwezini, na kwa majirani zetu Wasukuma, jina hilo halichaguliwi. Mapacha wakizaliwa, anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto. Mtoto atakayekuja baada yao kutoka tumbo lile lile ni Shija, apende asipende. Sasa mimi sikumfuata mtu. Ni mtoto wa kwanza wa mama na wa mwisho. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, akanijibu kwamba nimerithi: bibi alikuwa na shangazi yake aliyeitwa Shija, wakanipa mimi lisipotee. Jibu lilinitosha, maana watu wengi wana majina ya kurithi, na mimi wakati huo nilikuwa bado sijaanza ukorofi wa kuuliza mara ya pili.

Mwanzoni mwa mwaka huu akaja mama mmoja wa Ziba, ana watoto wanaosoma bweni hapa mjini. Mwanamke mchangamfu, sauti kubwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio mbali. Aliweka sweta tatu juu ya mashine yangu.

"Hizi mbili andika Kulwa na Doto. Hii ndogo ni ya mdogo wao, Shija."

"Wajina wangu huyo," nikamwambia. "Hata mimi ni Shija."

"Shija wa kuzaliwa au wa kurithi?"

"Wa kurithi."

"Ulimrithi nani?"

"Shangazi yake bibi."

"Wa wapi huyo shangazi? Alizaa? Alizikwa wapi?"

Hayo yote sikuyajua, na sikuwahi kujua kwamba nilitakiwa kuyajua.

"Dada, jina la kurithi lina mwenyewe," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Mimi nimerithi la bibi yangu mmoja aliyekuwa mlevi, na ulevi wake nasimuliwa mpaka leo. Kama wako humjui hata kaburi, basi labda wewe ni wa kuzaliwa, hawakukwambia tu." Akacheka, akaniuliza sweta azifuate lini, akaenda zake sokoni.

Nilizidarizi zile mbili za mapacha vizuri kabisa. Ile ya Shija niliifumua na kuianza upya, herufi zilikuwa zinakwenda upande.

Jioni nilimkuta mama uani anapepeta mchele. Nikakaa kwenye kigoda, nikamuuliza kwa sauti ya mtu ambaye hana shida, yule Shija wa bibi alikuwa dada yake baba wa bibi au ilikuwaje.

"Alikuwa mama yake mdogo," mama akajibu bila kuinua kichwa.

"Si ulisema shangazi?"

"Shangazi, mama mdogo. Watu wa zamani hao, nani anawapanga."

Akaendelea kupepeta. Nilichungulia ungo wake: mchele ulikuwa umeshakuwa safi, hauna pumba hata moja, na bado alikuwa anaupepeta. Mama si mtu wa kupoteza nguvu. Nikajua pana jambo.

Sikio likishaanza kushuku halipati usingizi. Siku zilizofuata nilimsikiliza mama kama nasikiliza taarifa za vifo redioni, na nikagundua kitu kilichokuwa mbele yangu tangu nizaliwe: mama hajawahi kuniita Shija. Hata sufuria ikifurika jikoni, hata akiwa amenikasirikia, anaita lile jina refu la cheti mpaka mwisho wake. Jirani akiuliza, "Shija yupo?" yeye atajibu, "Yupo," kisha atanigeukia na kuniita kwa lile jingine. Zamani nilidhani anamfurahisha baba. Lakini baba amefariki siku nyingi, na mama bado alikuwa analiruka jina langu kama anaruka dimbwi.

Kisha akaja mzee wa asali.

Asali ile ilitumwa na kaka yangu wa Sikonge. Kaka huyu ni mtoto wa mama mkubwa, dada yake mama, aliyefariki mimi nikiwa mchanga. Kwa mila zetu na kwa Kiswahili chetu mtoto wa mama mkubwa ni kaka tu, hana jina jingine la pembeni. Ni mrina asali, na kule wanamwita Moshi kwa sababu ya moshi anaotembea nao nguoni. Yeye mwenyewe hapendi mji, kwa hiyo asali yake hufika kwa mikono ya yeyote anayepanda basi.

Mara hii alikuwa mzee nisiyemjua. Nilikuwa ndani ya kibanda nashona, cherehani inanguruma, na mlangoni pana pazia. Nilimsikia akipiga hodi, nikamsikia mama akitoka kumwamkia. Nikaacha kukanyaga ili nisikie. Nilichelewa kidogo, nikadaka mkia wa maneno tu.

"...Mama Kulwa?" mzee alikuwa anauliza.

"Ndiye mimi," mama akajibu.

"Nimekujua kwa sura."

Nilichungulia kando ya pazia. Mama alikuwa amepokea dumu la asali kwa mikono miwili, anaangalia huku na huku barazani kama kuna mtu anayemwogopa. Mtu mwenyewe ni mimi.

Mwanamke haitwi Mama Kulwa kwa kurithi. Hilo halina mjadala. Ili uitwe Mama Kulwa lazima uwe umewazaa. Kwa hiyo mama yangu, aliyeniapia kwamba mimi ni mtoto wake wa kwanza na wa pekee, alikuwa amezaa mapacha kabla yangu, na mimi kweli nilikuwa Shija wa kuzaliwa, kama alivyosema yule mwanamke wa Ziba. Wako wapi basi? Walikufa? Kama walikufa, kwa nini sikuwahi kupelekwa kaburini kwao? Aliwazaa kabla ya kuolewa na baba, kisha akawaacha mahali?

Niseme ukweli, niliumia. Nilikuwa mtoto wa kucheza peke yangu uani, nikiongea na ndoo, nikimwomba Mungu anipe mdogo wangu, hata awe mkorofi. Kumbe mama alikuwa na wawili amewaficha, na aliniona nikiongea na ndoo akanyamaza. Nilitaka kujua kama nina ndugu duniani, na kwa nini nilinyimwa. Kumuuliza mama uso kwa uso sikuthubutu, kwa sababu niliogopa ataanza tena kupepeta mchele uliokwisha pepetwa.

Nikaanza kuwashuku mapacha wa mji mzima. Sokoni kuna wanaume wawili, mapacha, wanaouza vipuri vya baiskeli, na kwa umri wamenizidi. Nilikwenda kwao kununua pampu, na baiskeli sina. Niliwachunguza masikio. Mama ana masikio madogo, ndewe zimeshikana na shavu. Ya wale yalikuwa vile vile kabisa, nikajua nimewapata, mpaka nilipotoka nikaona na muuza dagaa wa jirani yao anayo yale yale, na mwenye mashine ya kusaga pia. Pampu ninayo hadi leo.

Mwishowe niliamua kwenda Sikonge. Nilimwambia mama nakwenda kumshukuru kaka kwa asali. Nilitegemea aniulize kulikoni safari ya ghafla na sweta za watu zimenijaa. Hakuuliza. Alinifungia mkate na mayai ya kuchemsha, akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama.

"Utarudi lakini?" akasema.

"Si kesho tu, mama. Nisirudi nina nini huko?"

"Haya. Msalimie."

Swali hilo lilinikaa njia nzima. Sikonge nimekwenda tangu nikibebwa mgongoni, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nitarudi.

Nilipoteremka, njia nzima hadi kwa kaka watu walinipokea kwa jina. Shija umekuja. Shija, mama hajambo? Mwangaluka, Shija. Salamu nilizozizoea, ila sasa kila mmoja nilimwona kama ananicheka. Wifi yangu alinipa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga, akatoka kwenda kisimani. Kaka alikuwa nyuma ya nyumba, anakamua masega kwenye kitambaa, asali inachuruzika kwenye beseni. Ni mtu wa maneno machache, nyuki wamemfundisha kutobabaika. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa juu ya mzinga mtupu.

"Kaka, Kulwa ni nani?"

Hakuacha kukamua.

"Nani anamuuliza?"

"Mimi."

"Basi unaongea naye."

Nikacheka. "Wewe ni Moshi."

"Moshi ni kazi. Kanisani nina jina la ubatizo. Lakini nilivyotoka tumboni nilikuwa Kulwa, na nyuma yangu akatoka Doto. Doto hakufikia hata kutembea. Alipokufa, bibi akakataza nisiitwe hivyo tena. Alisema ukiita Kulwa, sikio linakaa linamsubiri Doto. Watu wakaacha. Wazee wachache tu ndio bado hujisahau."

Hebu ona akili ya mtu aliyekwisha amua kumshuku mwingine. Maneno hayo niliyasikia yote, na bado nilikuwa namtafuta mama yangu ndani yake.

"Kwa hiyo mama ndiye aliyewazaa?"

"Mama yupi?" kaka akauliza.

"Mama. Wa mjini."

Hapo ndipo alipoacha kukamua. Aliufunga mfuko wa masega, akajipangusa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mama aliyetuzaa sisi amelala pale mbele," akasema. "Kaburi lake unalijua. Kila ukija unalipalilia. Baada yetu alizaa mara moja tu, na hakupona uzazi ule. Baba yetu alikuwa amekwenda kulima tumbaku Urambo, akaoa huko huko. Akabaki mtoto mchanga."

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Na mimi ni Shija."

"Na wewe ni Shija."

"Mbona mlinificha?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, hata nikaona aibu kwa kuuliza.

"Nani alikuficha? Tangu unatambaa tunakuita Shija. Ulitaka tukwambie mara ngapi?"

Nilikwenda kaburini. Nililikuta lina majani kidogo, nikayang'oa kama ninavyofanya siku zote, nikasema pole mama mkubwa kama ninavyosema siku zote, kisha nikasita. Nililia kidogo, sijui nilikuwa namlilia nani, kwa sababu mtu aliyelala pale sikuwahi kumwona, na yule niliyemfahamu alikuwa hai Kanyenye anasubiri nirudi. Nikalala kwa kaka, asubuhi nikapanda basi.

Ndani ya basi nilirudia maneno yote ya maisha yangu, moja baada ya jingine, nikitafuta la uongo. Kaka: alikuwa kaka. Mama mkubwa: na mama mkubwa kwetu ni mama, hata asipokuzaa. Shija: nilikuwa Shija. Uongo ulikuwa yule shangazi wa bibi peke yake, maskini, ambaye hakuwahi kuzaliwa ndiyo maana hana kaburi. Kisha nikaelewa na mzee wa asali alikuwa ameuliza nini. Lazima alisema, "Wewe si mdogo wake Mama Kulwa?" na cherehani yangu ikala mwanzo wa swali. Nilikuwa nimemshuku mama kuwa na watoto asiowasema. Kumbe hakuwa na hata mmoja.

Nilimkuta kibandani, amekaa kwenye kiti changu. Mama hajui kushona hata kifungo, na kiti changu hakikalii. Mapajani alikuwa ameweka ile sweta ndogo ya mtoto wa Ziba, ambayo mwenyewe alikuwa hajaja kuichukua, na kidole chake kilikuwa kinapita juu ya herufi, Shija, kinarudi, kinapita.

"Amekwambia," akasema.

"Ameniambia."

Nilitaka kumkasirikia. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno makali, na nilikuwa na haki nayo. Lakini alikuwa amevaa ile kanga yake ya kwendea msibani, kwa hiyo na yeye alikuwa amejiandaa, na msiba wangu nikaona si wa kutangulia.

"Hujafikisha arobaini nilikuja kukuchukua," akasema. "Mimi na baba yako hatujapata mtoto na hatukuja kupata. Bibi yako alikufunga mgongoni kwangu kwa mkono wake. Akaniambia, mtoto chukua, jina usiliguse, hilo ni la mama yake. Nikakubali. Baba yako akakupa la kwake, mimi nikalishika hilo hilo la baba yako. Lile la bibi nilishindwa. Nikifungua mdomo kulisema, naona ninasema wewe ni wa dada. Nikaona bora waliseme wengine."

"Na shangazi wa bibi?"

"Ulikuwa mdogo. Uliuliza ghafla."

Kidole chake kilikuwa bado juu ya sweta. Nilitambua kitu ambacho kushuku kwangu kote hakukunionyesha: mwanamke huyu alikuwa ameishi muda wote huo na jina langu likipigwa mlangoni kwake kila siku, na jirani, na mteja, na watoto wa mtaani, na kila mara lilikuwa linamwambia maneno yale yale. Hakuwahi kumnyamazisha mtu.

"Sasa mimi utaniita nani?" akauliza. "Mama mdogo?"

Nilichukua sweta kutoka mapajani mwake, nikaikunja, nikaiweka pamoja na zile mbili za mapacha. Akasubiri kidogo. Kisha akanyanyuka, akapita kwenye pazia kuelekea uani, nami nikakaa kwenye kiti changu ambacho bado kilikuwa na joto lake. Nikabana pini midomoni ili nipate sababu ya kutosema kitu, nikaanza sweta nyingine, ya mtoto wa mtu ambaye mama yake alikuwa ametuma jina kwa ujumbe wa simu na kulikosea.

Nilisikia maji yakimiminwa kwenye birika. Nilisikia mkaa ukipepewa. Kisha kimya, kirefu kuliko chai inavyohitaji.

"Shija," mama akaita kutoka uani. Aliita polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Nikatoa pini mdomoni, zote.

"Abee, mama."